Orodha Nyuma ya Mlango

Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, tulimpoteza Mama Nanjala. Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Alikuwa jirani yetu kule nyumbani, chini ya Mlima Elgon, shamba lake na letu yakitenganishwa na ua wa minyaa tu. Habari zilinikuta hapa Al Qusais, Dubai, kwenye bohari ninapogawa sare za wafanyakazi, mkononi nina suruali ya mlinzi mmoja aliyelalamika kwamba imembana. Nikampa nyingine, nikafunga dirisha, nikakaa juu ya katoni. Likizo yangu bado miezi saba. Kwa hiyo sikwenda kumzika, na nimeomboleza kama tunavyoomboleza wengi wetu huku: kwa kufanya kazi bila kuzungumza sana.

Siku ya pili yake, Nanjala, binti yake wa pekee, alinitumia kwenye simu historia ya marehemu, ile inayosomwa mbele ya waombolezaji kabla ya jeneza kuteremshwa.

"Kaka Barasa," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa na mwandiko mzuri kijijini. Ipitie, unirekebishie Kiswahili. Alhamisi inapelekwa kupigwa chapa."

Nikasoma. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema. Halafu nikafika kwenye mstari huu: "Mwaka wa ukame mama alichelewa kujiandikisha kupata ruzuku ya serikali, tukakosa mbegu, lakini Mungu hakutuacha."

Mwanangu, mstari huo haukuwa kweli. Mama Nanjala hakuchelewa. Waliojua hivyo walikuwa yeye, na mimi, na wanaume wawili waliokwisha kufa. Sasa nimebaki peke yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ni mimi.

Mchana ule sikuweza kula. Chebet, binti wa kwetu Kenya anayekaa mapokezi ya jengo letu, akaniona nimeisukuma sahani, akaja kuketi mbele yangu. Nikamweleza, si yote, lakini ya kutosha.

"Mzee, si huo ni mstari mmoja tu?" akasema. "Uwache. Matanga si korti."

"Wanakwenda kumsomea uongo juu ya kaburi lake."

"Na kwani amelalamika?" Akacheka, halafu akauona uso wangu, akajifunika mdomo. "Pole, mzee. Ulimi wangu. Lakini hebu fikiria. Ukisema, Nanjala atakuchukia. Ukinyamaza, nani atajua? Wewe uko Dubai. Khalas, yamekwisha."

"Mimi nitajua."

"Umejua miaka yote hiyo na bado unakula wali," akanijibu, na akachukua kipande cha kuku kwenye sahani yangu.

Sikumkasirikia. Chebet ana moyo mzuri, na ni yeye anayewasomea wenzake barua za kazi zinapokuja kwa Kiingereza kigumu. Tena mwezi ujao mkataba wake unakwisha, anarudi nyumbani, na kazi ameshaahidiwa huko: kuzunguka na kile kibao cha kielektroniki kuwaandikisha wakulima wanaopewa mbolea ya ruzuku. Ndiyo maana nayaandika haya. Ayasome yeye kwanza, kisha na wewe, mwanangu usiyenijua, kwa sababu kalamu haichagui mkono.

Naukumbuka mwaka ule mahindi yalivyofika magotini yakasimama, yakageuka rangi ya karatasi kuukuu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo, mwanangu, ungekijua kijiji chetu ungekipenda. Asubuhi ulisikia kinu cha kusaga kikikohoa mara mbili tatu kabla hakijashika, na ukisikia kimeshika ulijua ni saa mbili. Mama Nanjala alipalilia akiimba nyimbo za kanisani, lakini maneno aliyabadilisha akayatia ng'ombe wake, na sisi vijana upande wa pili wa ua tulikuwa tukimwitikia kwa kicheko. Mahindi mabichi ya kwanza alikuwa akituchomea sisi watoto wa jirani kabla ya kumpa mtoto wake. Mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii niliwekwa kwenye shamba moja kule Hatta, milimani. Siku nilipofungulia maji yakaingia kwenye mfereji mkavu, harufu iliyotoka kwenye udongo ilinifanya nigeuke, Mpakistani niliyefanya naye kazi asiyaone macho yangu. Ilikuwa harufu ya shamba la Mama Nanjala mvua ikianza.

Mwaka ule haikunyesha hadi mahindi yalipokwisha kufa. Ndipo serikali ikatangaza kwamba kila mkulima aliyepoteza mazao atapewa mbegu na mbolea za kupanda upya, kulingana na ukubwa wa shamba lake. Kila kijiji kiandike orodha. Na orodha hiyo, akasema D.O., yule afisa wa tarafa, kwenye baraza, ibandikwe ofisi ya chifu siku saba, ili aliyeachwa alalamike, na aliyezidishiwa aumbuke. Watu walipiga makofi. Hata sisi vijana tulipiga.

Mzee wa kijiji alikuwa baba yangu mdogo, Wekesa. Kusoma alijua kidogo, kuandika hakupenda. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa, basi akanichukua niwe mkono wake. Alinipa kalamu ya wino, na mimi nikaichomeka kwenye mfuko wa shati, kwa juu, ili ionekane. Nakwambia ukweli: wiki ile nilitembea njia ndefu kila mahali ili nipite mbele ya watu wengi zaidi.

Tulikaa ofisini, yeye akitaja, mimi nikiandika, na karatasi ya kaboni chini. Tulipofika shamba la Mama Nanjala, ekari moja na nusu kando ya kijito, baba mdogo akauchungulia mlango.

"Hilo andika Makokha," akasema.

Makokha alikuwa shemeji ya Mama Nanjala, ndugu wa marehemu mumewe. Alikuwa na shamba lake mwenyewe, na tulikuwa tumeshaliandika.

"Lakini baba, anayelima pale ni mama."

"Anayelima ni mama, shamba ni la marehemu, na marehemu ni wa kina Makokha. Ama umekuwa hakimu?"

Nikaandika Makokha. Makokha na baba mdogo walikunywa pamoja kila Jumapili, hilo nililijua. Nilijiambia: ni shemeji yake, atamgawia.

Kisha ikaja kazi ya kubandika. Nilichanganya unga na maji nikapata gundi, nikatoka nje nikatafuta mahali pazuri ukutani, chini ya kipaa, ambapo kila apitaye angeona. Baba mdogo akaniita. Akasema ukuta una vumbi, karatasi ya serikali itachafuka. Ibandike mlangoni, upande wa ndani.

Sasa, mwanangu, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mlango wa ofisi ile ulifunguka kwa ndani, na asubuhi ukishafunguliwa ulisukumwa mpaka ukutani, ukawekewa jiwe, upepo usiufunge. Kwa hiyo ofisi ikiwa wazi, karatasi ilikuwa katikati ya mlango na ukuta, gizani. Na jioni mlango ukifungwa, karatasi ilitazama ofisi tupu. Orodha ilibandikwa siku saba kamili kama serikali ilivyoagiza, na hakuna jicho la mkulima lililoiona. D.O. angeuliza, tungesema imebandikwa, na tusingekuwa tumesema uongo. Niliielewa hila hiyo wakati ule ule nikiwa bado napaka gundi. Nilisawazisha pembe zake kwa kiganja, iwe nzuri.

Siku ya pili nilikuwa kwenye kinu cha kusaga. Mama Nanjala alikuja na debe la mwisho la mahindi yao, Nanjala akiwa nyuma yake, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu myembamba. Mama hakujua kusoma. Akaniona, akafurahi.

"Mwenye kalamu!" akaniita mbele ya watu. "Hebu mtazameni, shati limekunjamana lakini kalamu imepigwa pasi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Halafu akanisogelea, akapunguza sauti.

"Barasa mwanangu, wanasema majina yamekwisha kuandikwa. Nilikwenda ofisini sikuona karatasi, nikaona haya kuuliza. Langu lipo?"

Ningeweza kumwambia halipo. Ningeweza hata kumwambia, mama, muulize baba mdogo. Lakini watu walikuwa wakitutazama, na nilikuwa mtu mkubwa siku hiyo, na yeye alikuwa ananitazama kwa uso ule ule aliotutazama nao akitugawia mahindi ya kuchoma.

"Lipo, mama," nikasema.

"Mungu akuweke." Akaenda zake.

Siku ya kugawa, lori lilisimama kwenye uwanja wa chifu. Mama Nanjala alifika mapema kuliko wote, amekunja magunia mawili kwapani, na mtoto wake amevaa gauni la kanisani. Mimi ndiye niliyesoma majina. Nilisoma polepole, nikitumaini sijui nini, labda mvua, labda lori liharibike. Kila jina likisomwa, mwenyewe alipaza sauti "Niko!" na watu wakampisha. Makokha alisema "Niko!" mara mbili, kwa mashamba mawili. Karatasi ikafika mwisho.

"Soma tena, mwanangu," Mama Nanjala akasema kutoka pale alipokuwa. "Huenda masikio yangu yamepitwa."

Nikasoma tena, yote. Watu wakaanza kuondoka na mizigo yao. Baba mdogo akasema kwa sauti, ili wengi wasikie, "Mama huyu alichelewa kujiandikisha. Siku saba orodha ilikuwa hapa." Ndipo maneno hayo yalipozaliwa, mwanangu. Yalitembea kijijini, yakakaa, yakazoeleka. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kulima na wa kwanza kupalilia akawa mfano wa uzembe. Kina mama waliwaambia binti zao, usiwe kama Mama Nanjala aliyelala mpaka mbegu zikaisha. Hata mtoto wake alikua akiyaamini.

Uwanja ulipobaki mtupu, alinifuata ofisini. Hakupiga kelele.

"Ilibandikwa wapi?" akauliza.

Nikalitoa jiwe, nikaugeuza mlango. Akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akaitazama kwa muda mrefu.

"Jina langu lingekuwa wapi?"

Nikaweka kidole. "Hapa."

"Na hapa pameandikwa nani?"

"Makokha."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hata siku moja. "Jina sikukasirikii. Jina ulitajiwa na wakubwa wako. Nakukasirikia kwa ile 'lipo' yako. Siku ile kwenye kinu zilikuwa zimebaki siku tano. Ungeniambia halipo, ningekwenda kwa D.O. kwa miguu, mtoto nimemshika mkono. Nisingefanikiwa, ningerudi nikijua nimefanya yangu. Wewe umezichukua siku zangu tano, Barasa, na hizo hata serikali hainirudishii."

Nililia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza. Nilipomaliza nikamwambia nitakwenda kuwaeleza watu.

"Ukisema, baba yako atapita wapi na uso wake? Mdogo wake mwizi, mwanawe mwongo." Akayatwaa magunia yake. "Nyamaza. Wacha waseme nilichelewa."

Na mimi, mwanangu, nikanyamaza, nikaona amenipa ruhusa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya kuliko yote. Uongo wa kwenye kinu niliusema na miaka kumi na tisa, kwa pumzi moja. Kimya nilikibeba nikiwa mtu mzima, nikaoa nacho, nikazeeka nacho. Baba mdogo alikufa, Makokha akafa, baba yangu akafa, uso wa kulindwa haukuwapo tena, na bado nilinyamaza. Kila likizo nilikwenda kumsalimu mama, nikanywa uji wake, na hakulitaja. Nikajidanganya kwamba amesahau.

Msimu ule walipanda viazi vitamu. Marando, vile vipando vya viazi, waliombaomba kwa majirani, nami nilibeba mizigo mitatu kichwani nikawapelekea. Walikula viazi hadi mwaka uliofuata. Nanjala hakurudi shule muhula ule. Mwaka uliofuata baba mdogo aliniita tuandike orodha nyingine, nikamwambia nitaandika ikibandikwa ukutani nje na kusomwa siku ya soko. Akaniambia nirudishe kalamu. Nikairudisha. Huo ndio ushujaa wangu wote, na unaona ni mdogo.

Basi Jumatano, baada ya maneno ya Chebet, nilimwandikia Nanjala. Sikurekebisha Kiswahili chake, kilikuwa kizuri. Niliufuta mstari ule mmoja, nikaandika mahali pake: "Mwaka wa ukame mama alinyimwa ruzuku. Jina lake liliondolewa kwenye orodha, na orodha ikafichwa nyuma ya mlango. Alipouliza, Barasa aliyeiandika alimwambia jina lipo. Hakuchelewa." Chini yake nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikamwambia yuko huru kuusoma mstari huo ama kuuacha, na yuko huru kutozungumza nami tena.

Alama zikaonyesha amesoma. Hakujibu siku hiyo. Alhamisi ikapita. Chebet akanipitia bohari, akasimama dirishani.

"Amejibu?"

"Bado."

"Nilikwambia, mzee." Lakini hakusema kwa ushindi. Akachezea kufuli la dirisha. "Kwani sisi tunaweka wapi majina, siku hizi? Yanaingia kwenye simu, yanapaa juu huko. Hakuna hata mlango."

Hilo lilinikaa, kwa sababu ni kweli. Nimelifikiria siku mbili. Na hili ndilo ninalowaambia, wewe Chebet na mwanangu mwingine yeyote utakayepewa kazi ya kuandika majina ya watu wanaogawiwa kitu cha umma, iwe mbegu, iwe mbolea, iwe dawa. Mali ya wote ikigawiwa gizani, huwa ya wachache hata kama hakuna aliyeiba. Penye wengi hapaharibiki neno. Basi watafute hao wengi. Ikiwa orodha yako imo kwenye mashine, iandike pia kwenye karatasi, ukaibandike pale wanapopanga foleni ya maji, kwa kimo cha macho ya mwanamke mfupi. Na kwa kuwa wako wasiojua kusoma, wasomee kwa sauti, siku ya soko, na mbele ya wale ambao hawataipenda. Ukubwa wa shamba la kila mmoja utaje. Jirani anajua shamba la jirani yake kuliko satelaiti.

Na siku mtu akikuuliza, "Jina langu lipo?", usijibu kabla hujaenda kuangalia. Kama halipo, mwambie halipo. Neno hilo ni chungu, lakini linamwachia mtu siku zake akimbie nazo. Wema wa "lipo" isiyo kweli ni wizi, ingawa unatabasamu. Na kama umeshaliiba neno la mtu, usingoje awe amekufa ndipo ulirudishe. Majuto ni mjukuu, wazee walisema. Mimi nimezeeka na mjukuu huyo mgongoni.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mdomo mzito wa kuahidi, mwanangu. Akupe wakubwa wasioficha, na wakificha akupe nguvu ya kulitoa jiwe. Shamba lako lisipungukiwe mvua, na jina lako lisiwahi kufutwa likaandikwa la mtu mwingine.

Mazishi yalikuwa jana, Jumamosi. Saa kumi za hapa simu yangu iliita. Alikuwa Nanjala, na nyuma yake nilisikia masufuria na watu wengi.

"Nimeusoma," akasema. "Mimi mwenyewe. Sikumpa mchungaji."

"Watu wamesema nini?"

"Hapo hapo dada yake Makokha akasimama akatoka. Halafu kina mama wakaanza kulia, wale wazee, wale wa rika lake."

Nilitaka kumuuliza kuhusu yeye mwenyewe, kama ananichukia. Sikuthubutu. Naye hakusema. Alisema watu ni wengi kuliko walivyotarajia na chakula kinapungua, inabidi aende akagawe kwa mkono wake. Akakata simu.